Je, Kibao cha Feni Kinapoza Laptopu Kweli? Somo la Kupima Kabla ya Kununua



Somo letu la toleo hili ni kwa vikundi vya vijana, makarani wa makanisa, na wote wanaotumia kompyuta ndogo ya mkononi, yaani laptopu, kutafuta riziki au kufanya kazi ya Bwana.

Hapa kwetu Kericho na Bomet vikundi vingi sasa vinategemea laptopu moja au mbili. Zinachapa barua na vyeti, zinaweka hesabu za chama, zinasaidia wazazi kujaza fomu za watoto wanaoingia chuo. Kazi inajaa kabisa siku za mwisho kabla ya tarehe 30 Juni, wakati watu wanakimbilia kujaza ripoti ya ushuru kwa iTax. Ni siku hizo hizo laptopu inashika moto, inakuwa nzito kama punda mchovu, halafu inazima ghafla huku mteja amekaa pale anangoja.

Kikundi kinakutana. Mmoja anasema, "Tununue kile kibao chenye feni, kinawekwa chini ya laptopu na moto unaisha." Mwingine anasema, "Hiyo ni kula pesa ya chama bure." Mjadala unakuwa mrefu, na mwishowe anayeongea kwa sauti kubwa ndiye anashinda. Pesa ikitoka kwenye kisanduku haijui kurudi, na ile iliyotoka kwenye bonasi ya chai inajulikana jinsi inavyopatikana kwa jasho. Kwa hivyo tunasema hivi: jambo hili halihitaji ubishi. Linahitaji kupimwa, na mnaweza kulipima wenyewe kwa alasiri mbili.

SHABAHA YA SOMO

Baada ya somo hili kikundi kiweze:
1. Kueleza moto wa laptopu unatoka wapi na unatokaje nje.
2. Kupima kama kibao cha feni kinapunguza joto, na kwa kiasi gani.
3. Kuamua kuhusu pesa kwa kufuata namba walizoandika wenyewe.

MOTO UNATOKA WAPI?

Ndani ya laptopu kuna kipande kidogo kinachoitwa prosesa. Ndicho kinachofanya hesabu zote. Stima yote inayoingia humo hugeuka kuwa joto. Prosesa za laptopu nyingi za ofisi zimetengenezwa kwa kama wati 15. Zile za kazi nzito za picha na michezo hufika wati 45 na zaidi. Wati 15 ni kama balbu ndogo tu, lakini hapa joto hilo lote linatoka mahali padogo kama ukucha wa kidole gumba.

Joto hilo hubebwa na bomba jembamba la shaba mpaka kwenye mapezi ya chuma yaliyo karibu na ukingo wa mashini. Feni ndogo ya ndani huvuta hewa baridi, mara nyingi kupitia matundu ya chini, huipitisha katikati ya mapezi, na kuitoa nje ikiwa moto. Ukiweka mkono pembeni mwa laptopu utausikia upepo huo.

Prosesa ina ulinzi wake. Ikikaribia digrii 95 au 100 hujipunguzia mwendo ili isiungue. Hapo ndipo unaona kila kitu kinajikokota. Ikizidi hapo, mashini inazima yenyewe. Ili ujue huo ni moto wa namna gani, kumbuka kwamba kwetu huku, kama mita 2,000 juu ya bahari, maji ya chai huchemka kwa kama digrii 93 tu, si 100 kama Mombasa. Kwa hivyo prosesa iliyolemewa inaweza kuwa na moto kuliko sufuria yako ya chai inayotokota jikoni.

Betri nayo haipendi joto. Betri za lithiamu zikikaa kwenye moto kila siku huzeeka upesi, hata kama mashini haijawahi kuzima.

HALI YETU YA HUKU JUU

Mtu wa Mombasa au Lodwar akikuambia kibao kimemsaidia, usichukue habari yake nzima nzima. Kuna mambo matatu yanayotutofautisha.

Kwanza, baridi yetu. Chumba kikiwa na ubaridi wa digrii 10 kuliko kile cha Mombasa, laptopu ile ile ikifanya kazi ile ile nayo itapungua joto kwa karibu digrii hizo hizo. Hiyo ni faida tunayopewa bure na milima.

Pili, hewa yetu ni nyepesi. Feni ikizunguka mara moja hapa Kericho inasukuma nafasi ile ile ya hewa kama kule pwani, lakini uzito wa hewa hiyo umepungua kwa kama sehemu moja ya tano. Hewa pungufu hubeba joto pungufu. Milima inatoa kwa mkono mmoja na kuchukua kidogo kwa mkono wa pili.

Tatu, mazoea yetu. Meza zetu nyingi zimetandikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono, vizuri sana, lakini laptopu ikikaa juu ya kitambaa matundu yake ya chini yanazibwa. Mwezi wa Julai, baridi ikizidi, kijana anaingia kitandani na laptopu juu ya blanketi. Blanketi halichagui: linampasha moto kijana na linaipasha moto mashini. Ongeza moshi wa kuni, na lile vumbi jekundu la Januari na Februari, na kila mwaka mapezi yanajaa uchafu kidogo kidogo.

KIBAO KINAFANYA KAZI GANI?

Aliyefanya kazi katika kiwanda cha chai, kiwe Litein au Kapkoros, ataelewa upesi. Majani mabichi yakifika hutandazwa juu ya vitanda virefu vya wavu vya kunyaushia, na feni kubwa hupuliza hewa kutoka chini. Majani yakitandazwa kwa unene unaofaa, hewa inapita. Yakirundikwa, hewa haipiti, hata feni ingenguruma namna gani.

Kibao cha kupozea laptopu ni kitanda hicho kwa udogo. Kinafanya mambo mawili, na inafaa tuyatenganishe. La kwanza, kinainua laptopu kutoka mezani ili matundu ya chini yapumue. La pili, feni zake husukuma hewa kuelekea chini ya mashini.

Feni hizo si za nguvu. Nyingi hupata stima kutoka kwa tundu la USB la laptopu yenyewe. Tundu la kawaida la USB la namna ya zamani hutoa volti 5 na miliampia 500, yaani wati 2.5. Huo ni upepo wa kupungia tu. Tena stima ikipotea, kibao kinakula betri ya laptopu.

Feni za kibao zikiwa haziko chini ya matundu ya laptopu yako, hewa itagonga plastiki na kutawanyika. Na vipo vibao vinavyovuta hewa kuelekea chini badala ya kuipuliza juu. Kibao cha namna hiyo kinaweza kushindana na feni ya ndani, kila mmoja akivuta upande wake.

Jihadhari pia na mkono wako. Upepo wa kibao hupoza ganda la nje, nawe ukigusa unasema, "Imepoa!" Lakini prosesa iko ndani, na inaweza kuwa na moto ule ule. Fundi wa kiwanda hasemi majani yamenyauka kwa sababu ya kugusa tu. Hapo kitandani kuna vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kimoja chenye kitambaa kibichi, naye husoma tofauti yake. Sisi nasi tusome namba.

YA BURE KWANZA

Kabla ya kupima chochote, fanyeni haya:
- Ondoeni kitambaa. Laptopu ikae juu ya mbao au kitu kigumu kilicho sawasawa.
- Zimeni mashini, chomoeni stima, kisha safisheni matundu kwa brashi laini iliyo kavu.
- Ikiwa imetumika miaka mingi bila kufunguliwa, fundi aifungue, atoe vumbi lililoshika kwenye mapezi na kuweka upya ile dawa inayopitisha joto juu ya prosesa, maana hukauka.
- Msiweke kitambaa kibichi wala barafu chini ya laptopu. Maji na stima si marafiki.

Mkiruka hatua hii mtapima vumbi mkidhani mnapima kibao.

KUPIMA KWA HAKI

Biblia ina mifano miwili inayotufaa. Katika Danieli sura ya 1, vijana wanne waliomba wapewe mboga na maji kwa siku 10, kisha walinganishwe na vijana waliokula chakula cha mfalme. Angalia: muda uliwekwa kabla, na kulikuwa na wa kulinganishwa nao. Katika Waamuzi sura ya 6, Gideoni aliomba ngozi ya kondoo ilowe umande na ardhi ibaki kavu. Usiku uliofuata akaomba kinyume chake: ngozi kavu, ardhi ibichi. Hatufundishi kwamba tumjaribu Mungu. Tunaonyesha kwamba Gideoni alijua mara moja haitoshi, na kwamba kugeuza mpango kunafunua mengi.

Wakulima mmeona jambo hilo hilo shambani. Watafiti wa chai kule Timbilil, Kericho, waliotoa ile chai ya zambarau TRFK 306 mwaka 2011, hawaweki mbolea shamba zima halafu wakashangilia. Mistari mingine inapata, mingine haipati, kwenye kilima kimoja na mvua moja. Bila mistari isiyopata, utajuaje kama ni mbolea au ni mvua?

Vifaa vinavyohitajika:
- Laptopu yenu, na kibao cha kuazima. Msinunue kwanza. Mwombeni mwenye duka au jirani awape kwa siku mbili.
- Kipimajoto cha ukutani cha kupima hewa ya chumba.
- Programu ya bure ya kusoma joto la prosesa, kama Core Temp au HWiNFO.
- Saa, daftari na kalamu.
- Vifuniko vinne vya chupa za maji, vya kimo kimoja.

Mipango minne:
A. Laptopu juu ya meza tupu.
B. Laptopu imeinuliwa kwa vifuniko vinne, kimoja kila pembe, bila kuziba tundu.
C. Laptopu juu ya kibao, feni zikiwa zimezimwa.
D. Laptopu juu ya kibao, feni zikizunguka.

Wengi hupima A na D peke yake. Hapo hawajui kama kilichosaidia ni feni au ni kule kuinuliwa tu. Mpango B na C ndiyo inayotoa jibu hilo, kwa hivyo msiiache.

Hatua:
1. Chagueni kazi moja nzito itakayorudiwa vile vile kila mara. Kwa mfano, kufinya folda moja kubwa ya picha, au kucheza video ile ile iliyohifadhiwa kwenye mashini huku programu zile zile zimefunguliwa. Msitumie intaneti, maana mwendo wake hubadilika.
2. Chaja iwe imechomekwa mipango yote, betri iwe imejaa. Stima ikipotea katikati, futeni mpango huo na kuanza upya.
3. Msigeuze mpangilio wa nguvu wa laptopu wala mwanga wa kioo.
4. Anzeni na A. Acheni mashini itulie dakika 15, kisha anzisheni kazi.
5. Kila dakika 5, kwa dakika 30, andikeni mambo matatu: joto la chumba, joto la prosesa, na mwendo wa prosesa. Msomaji awe mmoja na mwandishi awe mwingine.
6. Acheni mashini ipoe mpaka irudi kwenye joto la kuanzia, ndipo muende B, kisha C, kisha D.
7. Siku ya pili, geuzeni mpango kama Gideoni: D, C, B, A. Sababu ni kwamba asubuhi yetu ni baridi na mchana jua huwaka. Mkipima A asubuhi na D saa nane mchana siku zote mbili, mtakuwa mmekionea kibao.

KUSOMA MATOKEO

Chukueni masomo matatu ya mwisho ya kila mpango, tafuteni wastani. Halafu toeni joto la chumba. Linalobaki ndilo joto la mashini yenyewe.

Tuseme mmepata hivi. Hizi ni namba za kufundishia tu, si za mashini fulani:

A: prosesa 88, chumba 20, tofauti 68
B: prosesa 83, chumba 20, tofauti 63
C: prosesa 84, chumba 21, tofauti 63
D: prosesa 83, chumba 23, tofauti 60

Mtu asiyetoa joto la chumba ataona 83 kwa B na 83 kwa D, aseme kibao ni sawa na vifuniko. Lakini chumba kilikuwa kimepanda digrii 3 wakati wa D. Tofauti inasema kweli: kuinua peke yake kumeshusha digrii 5, na feni zimeongeza digrii 3. Yaani katika mfano huu sehemu kubwa ya faida imetoka kwa vifuniko vya bure.

Sasa linganisheni siku ya kwanza na ya pili. Kama A ilitoa 68 siku ya kwanza na 66 siku ya pili, ujue kipimo chenu kinayumba digrii 2. Basi mkiona kibao kimeshusha digrii moja au mbili, msiseme kimeshusha. Hiyo inaweza kuwa ni kule kuyumba tu.

Kuna mtego mmoja zaidi. Inaweza kutokea A isome 97 na D isome 97 pia. Msikimbilie kusema kibao hakina kazi! Kumbukeni ule ulinzi: prosesa ikifika mwisho wa joto lake hujipunguzia mwendo. Angalieni ile safu ya mwendo katika daftari. Kama kwa A ilikuwa inakwenda gigahazi 1.6 na kwa D inakwenda 2.1, basi kibao kimesaidia: joto ni lile lile lakini kazi inayofanyika ni nyingi zaidi. Angalieni pia saa: ile folda ilimalizika kwa dakika ngapi?

KUAMUA KUHUSU PESA

Wekeni daftari katikati ya meza, kisha jibuni kwa mpangilio huu:

- Je, baada ya kusafisha, mashini bado inajipunguzia mwendo au kuzima? Kama haifanyi hivyo, hakuna ugonjwa, na dawa ya nini?
- Je, B imetosha? Basi bakini na vifuniko, na ile pesa iende kwa fundi au kwa betri ya baadaye.
- Je, D imeshinda B na C kwa kiasi kinachozidi kuyumba kwa kipimo, siku zote mbili? Basi kinunueni kibao kile kile mlichopima, wala si kingine kinachofanana nacho, na mkiandike katika daftari la mali ya kikundi.
- Je, mashini inafika 97 kwa mipango yote na mwendo ni duni kote? Hapo shida iko ndani. Kibao hakitaponya feni ya ndani iliyokufa. Mpelekeeni fundi daftari lenu. Litamsaidia kuanza kazi.

Jambo la mwisho ni kuheshimiana. Aliyetaka kibao na aliyekikataa wote wapewe nafasi ya kusoma kipimajoto kwa macho yao. Tumeona vikundi vikivunjika kwa ubishi wa pesa ndogo, wala si kwa sababu watu ni wabaya, bali kwa sababu hawakuwa na kitu cha kuangalia pamoja. Njia hii hii itawafaa mkiletewa jiko linalosemekana kula kuni chache, au chakula cha kuku kinachosifiwa kwamba mayai yataongezeka: muda uliowekwa, kitu cha kulinganisha, kurudia kwa kugeuza, na daftari.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mkono si kipimo kizuri cha joto la prosesa?
2. Mpango C unatufundisha nini ambacho A na D peke yake haziwezi?
3. Taja mambo mawili ya nchi yetu ya milima yanayogusa joto la laptopu. Lipi linasaidia, lipi linapunguza msaada?
4. Someni Waamuzi 6:36–40. Kama Gideoni angeishia usiku wa kwanza, mtu mwenye shaka angesema nini kuhusu ile ngozi?
5. Ni kitu gani kingine ambacho kikundi chenu kilinunua mwaka huu kwa kusikia sifa tu? Kingepimwaje?

Kazi ya nyumbani: kila kikundi kilete ukurasa wake wa namba kwenye mkutano ujao, hata kama jibu ni kwamba kibao hakikusaidia. Jibu la namna hiyo nalo limeokoa pesa ya mtu.

Mungu awabariki katika kazi za mikono yenu.